Orodha ya Waliogusa Nyama

Jumatatu, 10 Februari

Taarifa ya wiki ya magonjwa imekwenda wilayani. Sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini. Saa tatu na nusu, nimesimama juu ya jiwe nyuma ya choo maana ndipo mtandao unapokamata. Simu ilihamia Kenya mara mbili. Nikairudisha Tanzania kwa kuinua mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

Mwaka wa sita huu wa uuguzi hapa Gorong'a. Nilikuja nikidhani ni miwili. Kwetu Rungwe wameacha kuuliza narudi lini.

Kliniki ya watoto imeisha saa saba. Bhoke amepita na daftari lake. Ndiye mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, mwenyeji wa hapa, na ndiye macho yangu kijijini, maana Kikurya changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Anasema kwa Bibi Wegesa ng'ombe alikufa Jumamosi. Jioni mzima, asubuhi amelala zizini, damu puani. Nikauliza kama wamemla. Swali la kijinga. Hapa ng'ombe akifa hatupwi, watu hawana ng'ombe wa kutupa.

Nimemwandikia Bwana Mifugo ujumbe. Yuko Susuni, ameazimwa kusaidia chanjo. Hajajibu. Nimepika mihogo nikala bila chumvi, chumvi imeisha.

Jumatano, 12 Februari

Robhi, wa kwa Bibi Wegesa, amekuja na kidonda mkononi, juu kidogo ya kifundo. Katikati cheusi kama kaa lililozimika. Pembeni kumevimba, kunang'aa. Nikabonyeza. Hakushtuka. Hakiumi, Sista, akasema, kama vile ananipa habari njema.

Kidonda cheusi kisichouma, na ng'ombe aliyekufa akitoka damu. Kimeta. Nimekisoma chuoni, nimekiona kwenye picha, sijawahi kukishika kwa mkono wangu.

Nilikimbia kwenye jiwe nikampigia mratibu wa magonjwa wilayani. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika, nina kidonda. Wanakuja kesho.

Huu mji wa Bibi Wegesa, yaani boma lake na waliomo, nauandika hapa nisije nikajifanya baadaye kwamba sikuuelewa. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, akatoa ng'ombe, akamwoa Robhi. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoita. Robhi anazaa, watoto ni wa Bibi, jina ni la mji wa Bibi, zizi litarithiwa nao. Mwanamume wa kuzaa naye yupo. Kila mtu anajua yupo. Hatajwi, kwa sababu hana lake pale. Kadi za watoto wale wawili nimeziandika mwenyewe, na mahali pa baba nilichora mstari. Sijaona ubaya wake. Nyumba yenye wanawake wawili na watoto walioshiba, nimeona zenye baba zilizo mbaya zaidi.

Robhi nimemsafisha, nimemfunga. Ni mchangamfu, anacheka na mdomo umezibwa kwa mkono. Leo hakucheka sana.

Alhamisi, 13 Februari

Gari limefika saa tano. Mratibu, mtu wa maabara, katoni moja ya dawa. Wamechukua sampuli ya kidonda. Majibu baadaye. Dawa zinaanza leo bila kungoja, hilo nawashukuru. Ila dawa ni kwa majina. Aliyeandikwa anapata, asiyeandikwa hapati. Katoni moja haivumilii ukarimu.

Kwa hiyo orodha. Mimi na Bhoke na kalamu, mji kwa mji. Nani amekula, nani amekata, nani amebeba. Watu walioshiba nyama Jumapili leo hawajawahi kuona ng'ombe. Nikawaambia sikuja kukamata mtu. Mmoja akasema hata yule afisa wa mwaka juzi alisema hivyo, akaja na mgambo. Taratibu wakaanza kutaja.

Kwa Bibi Wegesa ndipo nilipoharibu. Sikujua kama naharibu. Mratibu alikuwa amenionya kwamba fomu yenye nafasi wazi mfumo hauipokei, inarudi. Nikaanza juu kama ilivyochapwa. Mkuu wa kaya. Mume. Baba wa watoto. Nikauliza, kalamu mkononi, baba wa watoto hawa ni nani?

Bibi akaitazama kalamu. Mwanangu, hiyo karatasi inakwenda wapi? Nikasema wilayani. Akasema, basi andika mimi.

Nikaandika yeye. Nikauliza nani alichuna ng'ombe. Watu wa mji. Wangapi? Watu wa mji. Nani alibeba nyama? Watu wa mji. Nilipandisha sauti. Mwanamke wa umri wa mama yangu, nilimwamkia shikamoo mlangoni, robo saa baadaye namfokea. Bhoke alikuwa ameangalia zizi. Alifungua mdomo, akaufunga. Niliona. Jua lilikuwa kali, ilibaki miji saba, mratibu alikuwa anapiga honi. Nikaandika Bibi, Robhi, watoto wawili, mchungaji wa ng'ombe. Nikapita.

Ijumaa, 14 Februari

Mkutano wa kijiji. Nimeongea vizuri. Watu walitikisa vichwa. Nilimalizia na mficha maradhi kifo humuumbua, wakaitikia wote. Nilijiona mtu.

Bwana Mifugo amefika kutoka Susuni na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Tukachimba shimo, tukachoma mifupa na kila kilichobaki, chokaa juu. Akauliza ngozi iko wapi. Mchungaji akasema mbwa wamekula. Bwana Mifugo akacheka vibaya. Akasema amefanya kazi hii tangu hajaota ndevu, mbwa wa kula ngozi nzima ya ng'ombe kwa siku moja hajamwona, na akimwona atamnunua. Akaniambia pembeni, Sista, ngozi haitembei, imebebwa begani na mtu, na mtu huyo ana shingo.

Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Kulikuwa na mzazi ananisubiri zahanati, njia imefunguka nusu. Mtoto wa kike, kilo tatu, mzima. Hiyo ndiyo habari njema ya wiki.

Jumamosi, 15 Februari

Robhi amekuja kufungwa kidonda. Akaomba vidonge vingine. Nikamuuliza vya nini, unavyo vya siku kumi. Akasema, labda vitaanguka. Nikasema vikianguka okota. Akasema, labda watoto watachezea. Nikasema weka juu.

Akabaki amesimama. Nikamwambia dawa si njugu za kugawana mkononi, kila kidonge kina jina la mtu, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nilisema kwa sauti ya kusikika benchi zima ili na wengine wasianze.

Akasema haya, Sista. Akaondoka.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nimefua. Nimelala mchana. Waliomo kwenye orodha wote wazima, Bhoke kawapitia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nimekula nikasikia ladha.

Jumatatu, 17 Februari

Taarifa ya wiki. Kimeta, mmoja anayeshukiwa. Vifo, sifuri. Mratibu amenipigia kunipongeza kwa kutoa taarifa mapema. Wilaya nzima inatutolea mfano. Nilitabasamu peke yangu juu ya jiwe kama mwehu.

Ila kidonda cha Robhi hakinipendezi. Siku ya tano ya dawa, uvimbe uko palepale, na usiku kapata homa. Nimemwambia alete vidonge nihesabu. Vimepungua sawasawa, viwili kwa siku, hakuna kilichozidi wala kupelea. Nikamuuliza unameza? Nameza. Nikamuuliza unatapika? Hapana.

Vidonge vinapungua, kidonda hakipungui. Labda dawa haikimudu. Labda si kimeta. Nimewaza mambo mengi ya kitaalamu.

Jumanne, 18 Februari

Nataka kuandika hili kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi Robhi alikuwa benchini, wa pili kwenye foleni. Pikipiki ikaingia na watu watatu. Dereva, mwanamke nyuma, na katikati mwanamume aliyeshikwa asianguke. Shingo yake ilikuwa imevimba ikalingana na kichwa. Chini ya sikio la kushoto, kaa jeusi kubwa kama kizibo cha soda.

Namfahamu. Mwita, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Ndiye aliyemleta Robhi kujifungua mara ya pili, akaacha baiskeli chini ya ukuta akangoja mpaka mtoto alipolia, kisha akaondoka bila kuingia. Nilimwona siku ile. Nilijua. Alhamisi nilipokuwa nafoka nilikuwa najua, ila nilikuwa nimejiwekea kwamba mtu asiyetajwa hana mikono wala mabega.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ni mkewe, mke wa ndoa. Nikamuuliza alianza lini. Kipele Jumatano. Uvimbe Ijumaa. Kwa nini hamkuja? Akasema mumewe alikataa. Alisema akija Sista atauliza alimgusa ng'ombe wapi, na lile si neno la kuandikwa.

Sindano ya kwanza niliichoma saa tatu na dakika ishirini. Dripu. Nilipiga simu gari la wagonjwa, lilikuwa limempeleka mjamzito, likageuza, dereva akasema atafika baada ya saa moja na nusu. Hewa ilikuwa inapita kooni kwa mluzi. Nilimkalisha, maana akilala anakabwa. Sina mashine ya hewa. Nina mtungi mmoja wa oksijeni na mita yake imekufa. Nilifanya nilichofundishwa, nikafanya na nisichofundishwa.

Alifariki saa nne na dakika kumi. Gari lilikuwa bado njiani.

Mkewe akapiga yowe, wanawake wa benchini wakaja kumshika, ndivyo inavyokuwa. Robhi hakusogea. Alikuwa amekaa mkono wake wenye bendeji juu ya magoti, anaangalia mbele. Machozi hayakutoka. Mtu asiyejua angesema ni mgonjwa tu anayesubiri zamu yake. Zamu yake ilipofika akaingia, akakaa, akanyoosha mkono.

Nikafungua bendeji. Hapo ndipo akasema, bila mimi kuuliza. Cha asubuhi nilimeza mimi, cha jioni nilimpa yeye.

Kimoja kimoja. Dozi ya mtu mmoja kwa watu wawili, hesabu ikatoka sawasawa, na mimi nikahesabu nikaridhika. Jumamosi alikuja kuniomba maisha ya mtu, nikamjibu habari za njugu.

Nilimchoma sindano yake. Mara ya kwanza nilikosea, akanishikia bomba la sindano. Yeye, mimi.

Jumatano, 19 Februari

Sijalala. Ngozi imepatikana kwa Mwita, imewambwa nyuma ya nyumba. Bwana Mifugo ameichoma. Hakunitania leo. Mke na watoto wa Mwita wote wamepata dawa, watu waliomwogesha nao pia. Ghafla kuna dawa za kutosha. Katoni tatu.

Bhoke amekuja akakaa jikoni kwangu. Nikamwambia, ungeniambia. Akasema, ungeuliza nje ya karatasi. Hatukugombana. Ningefurahi tungegombana.

Alhamisi, 20 Februari

Majibu ya sampuli. Ni kimeta. Asante kwa taarifa.

Mratibu amekuja na fomu ya kifo. Si mtu mbaya. Ameniuliza huyu alipataje, hayumo kwenye orodha, hana undugu na mji wowote ulioandikwa, anakaa kijiji kingine. Kama uhusiano haujulikani itabidi waandike chanzo kipya, wakapekue mifugo ya ng'ambo yote, wafunge mnada. Nikaomba nipewe mpaka kesho.

Mchana nimekwenda kwa Bibi Wegesa. Shikamoo. Marahaba. Alinipa kigoda. Nikamwomba radhi kwa kumfokea. Akasema, kufokewa si kitu. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kukamua. Siku moja atakufa. Watoto ni wadogo. Mwita ana kaka wanne. Karatasi ya serikali ikisema baba ni Mwita, kaka hao watakuja na karatasi hiyo, watachukua watoto na zizi, na Robhi atarudi kwao mikono mitupu. Yeye na marehemu mumewe walilijenga zizi hilo miaka arobaini. Ndiyo maana alifunga mdomo. Hakujua kama anafungia kifo cha mtu ndani.

Akasema, Mwita alikuwa mtu mzuri. Ng'ombe akianguka, yeye ndiye tunayemwita. Ningemtaja jina mbele yako, Sista, ungeniuliza ni nani. Ningejibu nini?

Nilikunywa uji wake nikarudi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimejaza fomu. Kwenye mahali pa uhusiano nimeandika hivi: jirani, aliitwa kusaidia kuchuna.

Mratibu amesoma, amesema safi, mfumo umepokea. Haukuuliza jirani wa nani. Haukuuliza kama amezaa na mtu. Nafasi ilikuwepo kwenye fomu tangu siku ya kwanza, mstari wa tisa, wengine waliogusa mnyama. Nilikuwa sijafika huko. Nilikuwa bado kwenye mstari wa tatu nagombana na bibi wa watu juu ya baba.

Jirani. Neno moja. Alhamisi ile lingetosha, angeandikwa, angepewa vidonge vyake ishirini, angekuwa anachunga sasa hivi. Nimeandika mimi mwenyewe neno hilo leo, kwa mwandiko mzuri, siku nane baadaye, kwa mtu aliyezikwa jana.

Wameniuliza kama nitakwenda semina Musoma kueleza tulivyoudhibiti mlipuko. Nimesema nina mafua.

Jumatatu, 24 Februari

Nimetuma taarifa. Sitaki kuiandika.

Nilikosa nguvu ya kumsalimia mtu asubuhi. Wagonjwa wananiambia pole kwa kazi. Nawaitikia asante. Nikibaki peke yangu nahesabu vidonge ambavyo havina haja ya kuhesabiwa. Siku zote nilidhani siku nitakayoua mtu kwa uzembe itakuwa ya dozi mbaya au sindano chafu. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nafanya kazi vizuri.

Alhamisi, 27 Februari

Kaka zake Mwita wamemaliza siku za msiba. Bhoke anasema watu walikuwa wengi. Robhi hakwenda. Angekwenda kama nani. Siku ya kuzika alikuwa shambani anapalilia, na watu waliopita njiani kwenda msibani walimwambia kazi njema.

Jumatatu, 3 Machi

Robhi amekuja saa mbili, mapema. Nimefungua bendeji. Kaa limebanduka lenyewe, chini yake nyama nyekundu safi, inafunga. Homa hakuna. Sindano zimeisha Ijumaa. Kitaalamu nilitakiwa kumwambia umepona, usirudi.

Nilimwambia akae benchini kidogo nione kama kitatoa maji. Hakitatoa maji. Akaenda akakaa pale pembeni, ukutani. Kulikuwa na mtoto wa degedege, na mama wa kliniki, na mzee wa presha. Watu waliingia na kutoka. Yeye alijifunika kanga kichwani na kuanza kulia, bila sauti, muda mrefu, mabega tu. Hakuna aliyemuuliza. Zahanati ni mahali mtu anaweza kulia akadhaniwa anaumwa.

Saa saba akafuta uso, akaja kuaga. Nikachukua bendeji mpya, nikamfunga mkono mzima, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nikamwambia arudi Alhamisi kubadilishwa. Akaangalia bendeji, akaniangalia mimi.

Akasema, haya, Sista. Alhamisi.